Bakshishi ya Mwenyekiti

Tulipoomba nyongeza ya mshahara, meneja wa hoteli alitucheka. Weita akiongezwa mshahara analala, alisema. Mwacheni ategemee bakshishi muone atakavyochangamka. Namchukia mpaka leo kwa sababu alisema kweli. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, hapa Eldoret, nilimpima kila binadamu kwa kile alichoacha kando ya sahani. Mkulima wa kizungu aliyeacha senti kumi nilimwona si mtu, na kahawa yake ilichelewa makusudi.

Mwenyekiti wa kampuni ya kununua mashamba alikuwa mteja wangu. Alikula na wenzake meza ya dirishani, na kila mara aliacha noti ya shilingi tano. Hakuna weita mwingine niliyemruhusu hata kumvutia kiti.

Wakati huo mama yangu, mjane, aliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Moiben. Mzungu alikuwa anauza arudi kwao, na kampuni ya mwenyekiti ilikuwa inachangisha watu ili ilinunue. Asiye na hisa angefukuzwa. Mama alikuja mjini kuniuliza.

"Huyo chairman, wewe unamjua?"

"Namjua, Mama. Huyo ni mtu mzuri sana. Ako na roho ya kupeana."

"Basi niuze ng'ombe zote mbili?"

"Uza."

Aliuza. Risiti aliyopewa sikuitazama, mimi niliyejua kusoma! Siku ya kugawa shamba, jina lake halikuitwa, wala majina ya majirani zake wengi. Nyumba kubwa ya mzungu na ardhi yote iliyoizunguka ilikuwa ya mwenyekiti. Ndipo nilipoelewa zile noti zilitoka mifukoni mwa nani. Mama alihamia kwenye chumba changu kimoja na sufuria zake. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Juma lililofuata mwenyekiti alikuja kula. Nilikuwa nimeapa kummwagia supu kifuani. Niliibeba ikiwa moto, nikamwekea mbele yake bila kudondosha hata tone. Alipoinuka alinishika bega, akanitia mkononi noti ya shilingi kumi.

"Asante sana, bwana mkubwa," nilisema. Mungu anisamehe, nilikuwa namshukuru kweli.