Chumba cha Kutwangia

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nasikia mkilalamika kwamba Voi hakuna nyumba za bei nafuu. Zipo. Ila kabla hujauliza kodi, uliza mwenye nyumba anakataza nini.

Mimi niliteremka kutoka Kasigau miaka ya sabini, mjane mwenye mabinti wawili. Ndovu walikuwa wamemaliza shamba misimu miwili mfululizo. Tukalala kwa mdogo wangu, chumba kimoja, mpaka shemeji akaanza kunisalimia bila kunitazama. Nikaelewa. Mali yangu ilikuwa kinu na mchi. Nilinunua mahindi, nikayakoboa, nikayauza sokoni kwa watu wanaoyapika na maharagwe. Bila kinu hakuna kodi.

Nikapata chumba kwenye ploti nzuri ya kupangisha upande wa Sofia: kuta za mawe, sakafu ya simiti, na bei naiweza. Mwenyewe alikuwa karani aliyestaafu. Tukakubaliana. Siku ya kuhamia akaona kinu getini.

"Mama, hicho hakiingii. Kitanipasulia simiti."

"Nitatwangia uani."

"Uani pia ni simiti. Kirudishe Kasigau. Mjini kuna mashine ya posho."

"Mashine inasaga unga, mzee. Mimi sisagi, nakoboa."

"Basi chagua. Kinu au nyumba."

"Na kodi nitakulipa na nini? Na salamu?"

Wapangaji waliokuwa wakifua wakacheka. Mmoja akauliza, "Mama, kwani kinu ndiye bwana yako?" Nikamwambia hiki angalau kinalisha watoto, wako je? Nikajitwika kinu kichwani, mabinti wakabeba godoro, tukaondoka.

Tulikuta chumba mwisho kabisa wa Mwakingali, kwa bibi mmoja Mwislamu wa Taveta. Kuta za udongo, sakafu ya udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa. Aliniuliza swali moja tu.

"Watwanga wakati gani?"

"Asubuhi, watoto wakishaenda shule."

"Twanga, mwanangu. Udongo huo ulikuwapo kabla yetu."

Mdogo wangu alipokuja kutuona, akashika kiuno. "Dada, umetoka kwenye udongo kule, waja mjini kulala kwenye udongo?"

"Simiti hailiwi," nikamwambia. "Keti ule."

Jumamosi tulisiliba sakafu kwa mavi ya ng'ombe na majivu, ikang'aa. Kodi sikuchelewesha. Na watu wakaacha kuningoja sokoni, wakawa wanafuata mahindi mlangoni kwangu.

Siku moja yule karani akabisha hodi, kikapu mkononi. Mke wake alikuwa amesikia sifa.

"Mama, nimetumwa. Tupimie na sisi."

Mabinti wakanitazama. Mkubwa alikuwa tayari ameshika mkebe, na kila mteja wetu tulimtilia konzi moja juu yake.

Nikawaambia mbele yake, wala sikushusha sauti: "Muuzieni kama mtu yeyote. Mkebe ukijaa, panguseni juu kwa kiganja. Huyu hapewi nyongeza."