Rudisheni Friji Kabla Afisa Hajafika

Saa moja asubuhi Shangazi anabisha hodi, anasukuma mlango, na nusura arudi nyuma akidhani amekosea chumba.

Wiki iliyopita humu mlikuwa na godoro, meza na ndoo mbili. Leo kuna friji inayonguruma kwenye kona, kochi la watu watatu, televisheni, zulia jekundu na kitanda cha mtoto kilichotandikwa shuka la maua. Katikati ya utajiri huo amesimama mwenye chumba, mama wa mtoto mmoja anayefanya kazi kiwanda cha mikate. Amevaa gauni lake la kutokea na anatabasamu kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha.

"Vya nani hivi?" anauliza Shangazi.

Ni vya majirani. Friji na televisheni ni za kinyozi, kochi na zulia ni vya dereva na mkewe. Kitanda kinatoka kwa seremala, na kina mwenyewe aliyekwisha kulipia, kwa hiyo hakuna ruhusa hata ya kukikalia. Wapangaji walihamisha vitu hivyo jana jioni kwa moyo mweupe kabisa.

Shangazi anaangalia saa yake. Saa tatu atafika afisa ustawi wa jamii kukagua kama binti wa mama huyu, wa miaka minne, anaweza kurudi kuishi hapa. Baada ya ukaguzi huu shauri linakwenda mahakamani Jumatatu.

"Rudisheni friji," anasema. "Na kochi. Vyote."

Tabasamu la mama linazimika. "Shangazi, unataka auone umaskini wangu?"

"Umaskini wako ameshauona. Uongo wako bado hajauona, na leo si siku ya kumwonyesha."

Hiyo ndiyo kazi ya mwanamke huyu. Si wakili wala si afisa. Shirika dogo limemwajiri kutembea na wazazi ambao watoto wao wamechukuliwa na serikali kwa ajili ya ulinzi. Anawaeleza barua inasema nini, wataulizwa nini, wafike wapi na lini, na kwa nini wasimwahidi mtoto siku ya kurudi nyumbani ambayo hakuna aliyeipanga. Wazazi ndio waliomwita Shangazi. Baba mmoja aliyepitia mikononi mwake ananiambia, "Anakugombeza kama ndugu yako, halafu anakaa upande wako."

Hakuanzia upande huo. Kwa miaka mingi alikuwa mlezi katika makao ya watoto, akiwaogesha, akiwalisha na kuwaamulia ugomvi wa penseli. Kilichomtoa huko ni siku za kutembelewa.

Anamkumbuka baba wa watoto wawili wa kiume. Siku ya kutembelea ilikuwa imehamishwa kutoka Jumamosi kwenda Jumapili, na baba aliambiwa hivyo kwa haraka, kwenye korido, na mtu aliyekuwa anaongea na simu. Baba aliitikia kwa kichwa. Jumamosi alifika na matunda yake, mlinzi akamrudisha getini. Jumapili watoto walikaa karibu na geti tangu asubuhi hadi giza likaingia. Kwenye faili yakaandikwa maneno mawili, mzazi hakufika.

"Mimi ndiye niliyewavalisha viatu," Shangazi anasema. "Jioni nilipotaka kuwavua, mdogo alikataa. Akasema, baba akija atanikuta peku."

Anasimulia hayo huku ameshika ncha moja ya zulia la dereva, na kwa muda halikunji. Anaachilia, anajifuta macho na kiganja, anashika tena.

Aliacha kazi mwaka huo huo. Posho anayolipwa sasa haifiki nusu ya mshahara wake wa zamani, na mumewe, fundi redio, alimnunia mwezi mzima kabla ya kuzoea. Yeye hajuti. Anasema makosa mengi ya wazazi aliyoyaona hayatokani na roho mbaya, yanatokana na woga. Mzazi akiwa mbele ya afisa anaitikia kila kitu, ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Ukimtoa nje ukamwuliza ameambiwa nini, hajui.

"Anaogopa kusema hajaelewa," anasema. "Anafikiri ataonekana mjinga, na mjinga hatapewa mtoto."

Uani kumekucha kweli kweli. Kochi limekwama mlangoni. Dereva anasema liinamishwe, mkewe anasema liinuliwe, na kinyozi, ambaye hajaombwa ushauri, anasema jana lilipita lenyewe. Kwa shida kochi linatoka. Friji inafuata, ikibebwa kama mgonjwa.

Upande wa pili wa ua, kwenye mlango unaotazamana na huu, bibi mmoja amesimama kimya na kanga yake begani. Jana hakuna aliyekwenda kuazima kitu kwake. Leo hakuna anayemsalimia, angalau si kutoka chumba hiki.

Mama mwenye chumba huingia zamu saa kumi na moja alfajiri, na hutoka nyumbani saa kumi. Chekechea hufunguliwa saa moja. Mara mbili alimwomba msimamizi wake ampe zamu ya mchana, mara mbili akakataliwa. Kwa hiyo alikuwa akimwacha binti amelala na kufunga mlango kwa kufuli, kwa nje. Alfajiri moja mtoto aliamka, akavuta birika jikoni, na maji yaliyokuwa bado ya moto yakamwagika mkononi na kifuani. Bibi wa mlango wa pili alisikia kilio, akapiga kelele, wanaume wakavunja komeo. Ni yeye aliyembeba mtoto hadi hospitali. Mchana wake mtoto alipochukuliwa, mama alimaliza hesabu yake moyoni: bibi ndiye aliyemchongea. Tangu siku hiyo hawajasalimiana.

Shangazi alimweleza ukweli mara alipopewa shauri hili. Hospitali ikipokea mtoto aliyeungua namna hiyo inalazimika kutoa taarifa, awe ameletwa na jirani au na mama yake mzazi. Bibi hakumwita mtu yeyote zaidi ya daktari.

"Alinielewa hapa," Shangazi anasema akigusa paji la uso. Kisha anagusa kifua. "Hapa bado."

Na hapo ndipo penye hatari. Katika kikao kilichopita mama aliulizwa nani atakaa na mtoto alfajiri. Kwa hofu alijibu kwamba dada yake atahamia kwake, na afisa akaandika. Dada ana kichanga na hawezi kuja. Shangazi amemsihi mama amwombe bibi, maana bibi yupo, anaamka mapema na mtoto anampenda. Mama akasema bora afe. Leo asubuhi Shangazi amejaribu tena na kupewa mgongo.

Saa tatu kasoro dakika chache chumba kimebaki wazi. Kuna godoro, meza na ndoo mbili. Kuna pia kitu kipya kimoja, nacho ni cha mama mwenyewe: rafu ya mbao iliyopigiliwa juu ukutani, ambako jiko sasa linakaa, na kizuizi mbele yake.

Afisa anafika na mkoba uliojaa mafaili. Ni mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Anamjua Shangazi na wanasalimiana vizuri, lakini sheria ya ziara iko wazi. Shangazi anaruhusiwa kukaa na haruhusiwi kumjibia mzazi. Anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pochi mapajani.

Afisa anajaribu kizuizi cha jiko kwa mkono. Hakitikisiki. Anaangalia godoro, dirisha, dawa zilizowekwa juu. Anaandika. Mambo yanakwenda vizuri mpaka kinyozi anapochungulia mlangoni.

"Samahani jamani," anasema. "Rimoti yangu imebaki."

Afisa anatazama kuta zisizo na kitu. "Rimoti ya nini?"

Mama anamgeukia Shangazi. Shangazi anatazama sakafu. Baadaye ataniambia kwamba katika kazi hii hakuna kinachomtesa kama hicho, kuwa na jibu mdomoni na kulimeza.

"Ya televisheni yake," mama anasema. "Jana niliazima vitu nijaze chumba, ukija uone pana kitu. Asubuhi hii tumevirudisha."

"Mmevirudisha kwa nini?"

"Si vyangu."

Afisa anaweka kalamu chini. Hajakasirika, na hilo linatisha zaidi. "Na dada yako? Naye ulimwazima?"

Machozi yanamtoka mama bila sauti. Anasema dada hawezi kuja, na kwamba alijua hivyo siku ile ile alipomtaja.

"Basi naomba uniambie ukweli," afisa anasema taratibu. "Saa kumi alfajiri wewe unaondoka. Nani anabaki na mtoto? Bila jina la mtu siwezi kuiambia mahakama arudi hapa. Si kwa ajili ya kitanda wala kochi. Umenielewa?"

Mwanzo wa shauri hili mama angejibu ndiyo mheshimiwa. Leo anajifuta uso kwa mkono wa gauni la kutokea. "Nimeelewa," anasema, na anainuka.

Anatoka bila kuaga. Anavuka ua mbele ya kinyozi na rimoti yake, mbele ya dereva, mkewe na seremala, ambao wote ghafla wana shughuli nyingi za kufanya karibu na mlango. Shangazi amesimama kizingitini. Mama anafika kwa bibi na kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Bibi anachelewa kuitika. Anachelewa kiasi cha kumfanya seremala akohoe. "Marahaba."

"Naondoka saa kumi alfajiri. Sina mtu wa kukaa na mwanangu."

"Najua unaondoka saa kumi," bibi anasema. "Mimi huamka saa tisa. Tangu siku ile, nikiamka nakaa nasikiliza mlango wako, na ninajua hamna mtoto."

Mama anaangukia bega lake. Bibi anamshika, kisha juu ya kichwa cha mama anamwambia afisa aandike jina lake, na aliandike vizuri.

Afisa anamhoji bibi kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Akitoka haahidi chochote. Anasema ataandika alichokiona na alichoambiwa, pamoja na habari ya friji, na mahakama ndiyo itakayoamua. Shangazi hamlaumu. Yeye pia haahidi.

Akingoja gari barabarani ananieleza anachokitaka. Anataka shirika lipate mtu wa kukaa hospitalini na kwenye kituo cha polisi, ili mzazi apate mtu wa kumweleza siku ile ile mtoto anapochukuliwa. Ombi limekataliwa mara moja, na atalipeleka tena.

"Angeambiwa mchana ule ule kwamba bibi hakumchongea," anasema, "huyu mtoto angekuwa ameshalala kwao zamani. Tumepoteza miezi kwa kitu cha dakika tano."

Nyuma yetu mama anakuja mbio, bibi akijikongoja nyuma yake. Kesho ni siku ya kutembelea watoto makaoni, na bibi anauliza kama naye anaruhusiwa kwenda. Shangazi anasema ataomba kibali leo hii hii. Anamwuliza mama kesho ni saa ngapi, mama anasema saa nne. Anamwuliza geti gani, mama anasema la nyuma. Anamwuliza atamwahidi nini mtoto.

"Simwahidi kitu. Nitamwambia nimekuja."

"Basi msichelewe," Shangazi anasema. "Atakuwa ameshavaa viatu."