Mafuta ya Mgonjwa Ambaye Hajafika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ndogo karibu na Bariadi, Mkuu wa Karakana alinikabidhi kijiti cha mpera chenye alama za kisu. Ndicho kilichopima mafuta kwenye tangi la jenereta. Mimi na cheti changu cha ufundi tukajiona tumedharauliwa.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Dizeli ya mgao ilikoma, tukawa tunanunua kwa wafanyabiashara na kufuata mapipa stesheni ya Malampaka kwa lori. Majirani waliouza pamba vizuri walinunua redio na betri za gari, wakaniletea nizichaji. Sikumnyima mtu, jirani akishakusalimia wewe na mpaka ng'ombe wako, utamkataliaje?

Mwaka mmoja mvua ikakata barabara, na kijiti kikaonyesha mafuta ya saa sita tu. Matroni, mama mfupi wa sauti ya chini, akaagiza niwashe jenereta kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi: kusukuma maji, kuchemsha vyombo vya upasuaji na kupoza friji ya damu, vyote kwa pamoja. Asubuhi ya pili akakuta nimeunganisha betri sita.

“Mwangaluka, fundi,” akanisalimu kwa Kisukuma. “Hizi ni za wagonjwa gani?”

Nikajitetea kwamba ni za majirani, na nimeongeza nusu saa tu.

“Mafuta haya si yako wala yangu,” akasema. “Ni ya mgonjwa ambaye hajafika.”

Hakunifukuza. Alinituma kwa wenye betri niwaeleze ukweli na kuwaomba watuazime. Nilikwenda na aibu yangu, lakini hakuna aliyekataa. Tukafunga balbu za gari wodini.

Siku ya nne, alasiri, mkokoteni wa ng'ombe ukaleta mama mwenye uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Upasuaji ulichukua zaidi ya saa moja, nami nimesimama kwenye jenereta, kijiti mkononi. Mtoto alipolia, tangi lilikuwa karibu kukauka. Ningeendelea na ile nusu saa yangu kila asubuhi, giza lingemkuta mama yule mezani. Nililia, na sioni haya kusema.

Matroni alinifundisha kazi kuliko chuo.

Nimestaafu, na umeme wa gridi umefika hadi jikoni kwangu. Nikikuta taa inawaka chumba kitupu, nazima. Wajukuu huniuliza namwekea nani umeme huo.

Nawajibu: hajafika bado.