Uzi Usioimba

Mume wangu Anatory ana kichwa kigumu, na msinione mkali bure. Hapa Bweranyange watu wakimtaja hawataji migomba yake wala kahawa yake, wanataja vidole vyake. Anapiga enanga, ile ala yetu ya nyuzi zilizotandwa juu ya ubao uliochongwa shimo katikati. Au niseme alikuwa anapiga. Harusi ngapi zilichelewa kuanza kwa kumsubiri yeye! Na nyuzi za enanga yake zote ni nailoni, mshipi uleule aliokuwa akivulia samaki.

Mwaka jana binti yetu Kokubanza alichumbiwa na kijana wa Kaisho. Alimwomba baba yake jambo moja tu. "Baba, siku ya kuniaga sitaki spika zifunguliwe kabla hujanipigia wimbo wangu mwenyewe." Anatory akautunga. Hakumfundisha mtu, hakumwonjesha mtu. Kila nikimdadisi ananijibu, "Mwenyewe atausikia siku hiyo."

Basi si angetulia, jamani! Lakini yule na ziwa hawaachani. Anasimama ukingoni penye upenyo wa mafunjo, anarusha ndoana yenye utumbo wa kuku. Sisi huku hatuna fimbo za kuvulia zenye roda ya kukunjia mshipi. Unauzungusha mshipi kiganjani, unatulia, samaki akigusa unamsikia mkononi na unavuta. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, na nailoni haikuwahi kumdhuru, maana ni nene na inavutika kidogo. Tatizo ni kambare wakubwa. Wakishajichimbia kwenye mafunjo, nailoni inakatika. Sherehe ilipokaribia alikatikiwa tena, na kambare ambaye kwa maelezo yake alikuwa na kichwa kama sufuria ya maharage. Akaapa kwamba huyo lazima aliwe siku ya kumuaga Koku.

Tukaenda Kayanga, dukani kwa Ukasha, mimi natafuta vitenge, yeye anatafuta mshipi.

"Shikamoo Mzee Anatory. Shikamoo mama," Ukasha akatuamkia, kisha akaweka mezani vibunda viwili vya mshipi. Kimoja nailoni, kingine uzi mwembamba wa kijani, wa kusuka. "Huu wa kusuka hauvutiki hata kidogo, na kambare haukati ng'o. Ila mzee wangu, wenyewe wanaufunga kwenye fimbo. Kwa mkono mtupu utakukata. Vaa glavu."

"Glavu?" Anatory akacheka. "Nitamsikiaje samaki nikiwa nimevaa soksi mkononi?"

Halafu mnajua alichaguaje? Alishika ncha kwa meno, akaunyoosha, akaupiga kwa kidole kama yuko mbele ya watu. Nailoni ikalia vizuri. Wa kusuka ukatoa mlio mkavu, dup, basi.

"Umesikia, Mama Koku?" akaniambia, uso umemchangamka. "Huu unaimba, tuuweke kwenye enanga. Huu bubu ndio wa kazi."

"Baba Koku, kijana anakwambia uvae glavu."

"Muuza duka huyu, kavua lini?"

Nilisema mpaka mdomo ukanikauka. Ukasha mwenyewe alitoa glavu akaziweka juu ya kaunta, na pale juu ya kaunta ndipo zilipobaki.

Jumamosi iliyofuata alishuka ziwani na jirani yetu Rwegoshora. Akauzungusha uzi ule kiganjani kama alivyozoea miaka yote. Kambare akaja, akameza, akageukia mafunjo kwa nguvu zake zote. Ingekuwa nailoni ingekatika, mume wangu angerudi nyumbani anatukana samaki, nami ningemcheka. Huu haukukatika. Rwegoshora anasema Anatory alikuwa anapiga kelele, "Kata! Kata!" naye anahangaika kutafuta panga kwenye majani. Alipolipata, uzi ulikuwa umeshazama ndani ya vidole vya mkono wa kulia hadi mfupani.

Njia nzima ya hospitali nilimgombeza huku nalia. Yesu na Maria, nilimsema! Daktari akasema kano zimekatika, atazishona, lakini tusitegemee sana. Baadaye vidonda vilipona. Vidole vikabaki vimekakamaa.

Siku ya kumuaga Koku mkono ulikuwa bado una bandeji. Mtoto akaja, gauni lake linaburuta, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, achana na enanga. Niimbie kwa mdomo tu."

Mshereheshaji akamsogezea Anatory maiki. Anatory akafungua kinywa, akakifunga. Nikaona vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya goti, peke yao, vinawatafuta wenzao wa kulia. Akajaribu tena. Kisha akasema, na maiki ikawapa watu wote:

"Mwanangu, maneno siyapati. Yalikuwa yanatoka vidoleni."

Wengine walidhani anatania, wakacheka. Koku hakucheka. Alimshika baba yake ule mkono wenye bandeji, akauweka shavuni pake, na mshereheshaji kwa haraka zake akafungulia spika.

Nina uchungu, sifichi. Simlaumu Ukasha, wala kambare simlaumu, alikuwa anatetea roho yake. Namlaumu Anatory, kisha namwona akishindwa kufunga vifungo vya shati, nachoka kumlaumu, namfunga.

Sasa Koku yuko kwake Kaisho, ana mimba. Juzi kapiga simu. "Mama, wewe ulikuwa nyumbani akifanya mazoezi. Hukusikia hata mstari mmoja? Nataka nimwimbie mtoto."

Nilikuwa nasikia enanga nikiwa bado njiani natoka shamba. Nikiingia tu uani, alikuwa ananyamaza. Sina hata mstari mmoja wa kumpa mwanangu.