Jasusi Aliyempigia Simu Mama Yake Newala

Chekeni tu jamani, maana hata mimi nikikumbuka najifunika uso. Ilikuwa siku yangu ya tatu ya majaribio kwenye duka la televisheni la Mama Hansa, pale Kariakoo, na alishaniambia wazi kwamba nisipouza kitu siku hiyo nisirudi (na mimi nyumbani nilishatangaza nimepata kazi, mpaka pilau limepikwa).

Akaingia baba mmoja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaizunguka televisheni kubwa kuliko zote. "Hivi ile filamu mpya ya yule jasusi, ile isiyoisha matoleo, umeiona?"

Ningesema ukweli, kwamba niliiona kibanda umiza, kile kibanda cha video cha mtaani, ile ambayo DJ anaweka sauti yake mwenyewe na kutusimulia kwa Kiswahili, yangeisha. Lakini nilitaka kuonekana wa kishua, nikajibu, "Nimeiona ukumbi wa sinema, baba, kwa Kiingereza chenyewe, na kwa maoni yangu hili toleo limeyafunika yote, hasa pale anapompigia simu mama yake Newala amwombee dua kabla hajaruka kutoka kwenye ndege."

"Newala?"

"Newala, baba. Mama anamwambia ukirudi niletee sukari." (Nilikuwa na uhakika, maana hapo nililia.)

Mama Hansa, ambaye filamu hiyo aliiona na wajukuu zake, alichomeka tu flashi yenye filamu hiyo kwenye televisheni na kupeleka mbele mpaka kwenye ndege. Jasusi kashika simu kweli, ila upande wa pili ni bosi wake, mzungu mwenye ndevu, na wanagombana. Wapita njia wakajaa mlangoni, na mimi badala ya kunyamaza nikasema labda hiyo ya mama wameikata! Duka zima likaangua kicheko. Niliona aibu, masikio yakawaka moto, nikaanza kuvua fulana ya duka.

Yule baba akafuta machozi ya kucheka. "Kijana, hayo ya Newala ni ya DJ, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nifungie hii televisheni. Mama yangu hajui Kiingereza, kila filamu ananiuliza wanasema nini, namjibu wanapigana tu. Na huyo DJ niandikie jina lake."

Mama Hansa akanirudishia fulana. "Kesho saa mbili asubuhi. Na cha kibandani, sema cha kibandani."

Nimeapa, sirudii. Siku hizi mteja akitaja filamu, kabla hajamaliza namwambia Kiingereza changu ni cha kuombea maji, mimi niliona ya DJ, na wengi wao wanasogea karibu na kuniuliza taratibu, "Eti, ya DJ ilikuwaje?"