Asante Inayomwangusha Mtu Baharini

Mimi ni mtu wa kuuliza. Kazi yangu ni uuguzi, na mgonjwa akija na kidole kilichokatika, nikishamfunga lazima nijue alikuwa anakata nini. Wenzangu huniambia umbeya utaniua. Basi nilipomwona msichana wa miaka kama kumi akianguka kutoka kwenye ubao, kila mara kwa namna ileile, jibu la kwanza nililopewa halikunitosha.

Ubao wenyewe ni wa kupanda mawimbi. Hapa Houston nimejiunga na kikundi cha watu wa kujitolea wanaowachukua watoto wa mtaa wa Gulfton, wengi wao wa familia zilizotoka Kongo, na kuwapeleka ufukoni Galveston Jumamosi asubuhi wakajifunze kusimama juu ya maji. Wanasema mtoto akiweza hilo, kusimama mbele ya darasa hakumtishi tena. Niliingia kwa sababu nilitaka kuona kama ni kweli. Bahari mimi niliiona nikiwa mtu mzima. Kwetu ni Kisii, na mpaka leo siingii maji yanayopita kiuno. Kwa bahati nzuri, msaidizi husimama papo hapo kwenye kiuno. Unashika ubao, mtoto akiwa ameulalia kwa tumbo, unangoja wimbi, unasukuma.

Huyu msichana, mwalimu wake wa shule alituambia, ukitaka kumsikia lazima umwinamie. Nikamsukuma. Akainua goti moja, shingo ikageuka nyuma, chubwi! Nikamsukuma tena. Goti, shingo, chubwi.

"Anaogopa," akasema kiongozi wetu, mzungu wa makamo mwenye pua iliyobabuka kwa jua. "Mpe muda tu."

Lakini hofu naijua, naiona kila siku wodini. Mwenye hofu hung'ang'ania kitanda. Huyu ubao hakuwa anaung'ang'ania hata kidogo. Isitoshe, kila alipogeuka alikuwa anautafuta uso wangu, midomo inacheza. Nikamwuliza huwa anasema nini.

"Asante, tantine." Ndivyo watoto wa Kikongo wanavyotuita sisi mashangazi wa hapa.

"Asante ya nini?"

"Ya ku-push."

"Si ungesema ukishafika mchangani?"

Akanitazama kama anayeyasikitikia malezi yangu. "Mama alisema, mukubwa akikufanyia kitu, don't give him your back. Unamuangalia, unasema asante."

Nilicheka mpaka nikameza maji ya chumvi. Nikamwambia nimemsamehe asante zote za siku ile. Akaitikia kwa kichwa, kisha akageuka vilevile. Nikamwomba mwanafunzi mmoja wa chuo amsukume badala yangu. Naye ni mkubwa, naye akashukuriwa, chubwi. Nikajaribu kuchutama majini mara tu ninapomwachia, ili asinione. Akanitafuta! Nyumbani kwetu tulifundishwa adabu hadi viboko, lakini adabu ya kumwangusha mtu baharini nilikuwa sijaiona, na nilirudi nyumbani nikiiwaza njia nzima.

Tatizo ni kwamba mama yake alikuwa amechoka na sisi. Jumamosi iliyofuata nilipokwenda kumchukua mtoto, nilimkuta mama jikoni, ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, macho mekundu.

"Dada, miye nilikomalia pembeni ya ziwa," akaniambia. "Maji ninaijua. Inakamata watu. Na huyu anarudia kila mara masikio imejaa maji, kusimama hasimame. Leo ninakuya kuona na macho yangu. Nikiona haifai, ni mwisho."

Nikaenda kuketi sebuleni na binti, akaanza kunisimulia kuhusu mbwa wa jirani. Mama akaita jina lake kutoka jikoni. Mtoto akaruka kutoka kwenye kochi, akasimama wima, akamwendea. "Mama, umeniita?" Mbwa wa jirani tukamwacha hapohapo. Nililitazama hilo, nikaliona zuri, nikalisahau.

Ufukoni, tukiwa tumebeba ubao yeye mbele mimi nyuma, nikamsikia akininong'oneza kitu. Nikainama.

"Nikianguka leo, ataniondoa?"

"Sijui," nikasema.

"I don't want to stop, tantine."

Nilitamani kumdanganya. Niliumia kwa kuwa nilijua kabisa kinachomwangusha, na sikuwa na haki ya kumwambia mtoto wa mtu aache alichofundishwa na mama yake.

Mama aliketi kwenye kiti cha kukunja, kitenge kiunoni, viatu vya kazi bado miguuni. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kama kawaida ya Galveston. Nikasukuma. Goti, shingo, chubwi. Mama akanyanyuka kitini. Nikasukuma tena, na safari hii mtoto alikawia kidogo kuibuka. Alipoibuka anakohoa, nikatazama ufukoni na kuona kiti kiko kitupu.

Likaja wimbi lililojaa vizuri, na binti alikuwa ameshalala tayari juu ya ubao, ananiomba kwa macho. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Akainua goti. Shingo ikaanza kugeuka, midomo ikaanza asante yangu. Hapo ndipo mama, ameshaingia majini na viatu vyake, alipoliita jina lake kwa ukali ambao pwani nzima iliusikia.

"Inatosha! Kuya huku! Toka mu maji!"

Shingo ikarudi mbele. Na mtoto akasimama.

Hakusimama kama tulivyomfundisha, magoti yamekunjwa na mikono imetanuliwa. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama pale kwenye kochi, kwa sababu alikuwa ameitwa. Kiongozi wetu alipiga kelele akunje magoti. Hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwa mama, na wimbi likampeleka moja kwa moja hadi kwake, ubao ukakwama mchangani.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, maji yananivuta mapaja, maana nilijua alichoitiwa. Binti akashuka kwenye ubao akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, umeniita?"

Safari hii sikuhitaji kuinama. Nilimsikia nikiwa bado majini.

Mama alikuwa anahema, kitenge kimelowa chote. Akamtazama mwanawe, akautazama ubao, akatazama maji nyuma yake. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ndiyo, nilikuita," akasema. "Rudia kule kwa tantine. Nitakuita tena."