Mteremko wa Kuzunguka Nguzo

Sipendi kubebwa. Niliseme mapema, maana watu wa Kariakoo wana huruma ya mikono. Wakiona kiti cha magurudumu kimesimama mbele ya ngazi, hawaulizi. Mmoja anashika huku, mwingine kule, "Dada, tulia," na wewe tayari uko hewani kama kiroba cha mchele.

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Nimepanga chumba cha mbele kwenye jengo la zamani, Mchafukoge, hapo jirani na Kariakoo, na mlangoni kuna ngazi tatu. Asubuhi nilibebwa kuingia, jioni nikabebwa kutoka. Katikati ya hapo nilikuwa mfungwa. Wabeba mizigo wanaonibeba wakienda Posta, mimi nimekaa. Choo kiko ng'ambo ya uchochoro, mimi nimekaa. Miaka miwili hiyo. Niliona aibu, na aibu ile ilinikasirisha kuliko hizo ngazi zenyewe.

Mwenye nyumba, mzee wa Kiarabu aliyezaliwa humo humo jengoni, hana ubaya. Nilipomwomba ruhusa ya kuweka mteremko, alicheka kwa upole.

"Vijana wapo, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Kweli, baba. Ila hapa chawa ni mimi."

Akakubali, kwa sharti kwamba nisivuke kibaraza, kwa sababu njia ni ya wapita njia. Fundi seremala akanilazia ubao wa hatua mbili juu ya ngazi. Nikajisukuma. Kufika katikati, kiti kikanyanyuka mbele, nikaanguka chali, na ile mikono ya huruma ikafika mbio. "Si tulikwambia?" Nililia mbele yao. Sikuumia popote, nilikuwa na hasira tu.

Siku ya pili nilikuwa nafungua cherehani iliyokwama, parafujo inazunguka mkononi, nikaacha kufanya kazi nikaitazama. Watu hudhani parafujo ni msumari wenye mikunjo. Thubutu! Parafujo ni mteremko mrefu uliokosa nafasi, ukaamua kujizungusha. Kabari nayo ni mteremko, ila yenyewe ndiyo inayotembea na mzigo unabaki palepale. Na gurudumu ninalolisukuma kila siku ni wenzo unaozunguka: spoki hii ikimaliza kazi, inayofuata inapokea. Ni ukoo mmoja, na tabia ya ukoo huo naijua. Hawakupi kitu bure. Ukitaka kutumia nguvu kidogo, kubali mwendo mrefu. Ubao wangu kosa lake lilikuwa ufupi tu, na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kosa ni langu.

Nikamwita mzee. Nikakata gazeti pembetatu, nikalizungusha kwenye penseli mbele ya macho yake, ule ukingo wa mshazari ukapanda taratibu mpaka juu.

"Kibaraza chako kina nguzo, baba. Mteremko uanzie ukutani kule, uzunguke nguzo, uishie mlangoni kwangu. Hauvuki nje hata shibiri."

Aliigeuzageuza ile penseli.

"Lakini njia ndefu hivyo itakuchosha, mwanangu."

"Ndiyo, baba. Nichoke mwenyewe."

Mwashi akajenga kwa matofali na saruji, akaacha sehemu bapa pale kwenye kona ili nipumzike. Nilimsimamia kwa maneno mpaka akaniita injinia. Saruji ilipokauka, wabeba mizigo wakakusanyika kutazama, mikono tayari. "Haya dada, mwenda pole hajikwai," mmoja akanitania. Nikaanza. Kwenye kona nikahisi mkono umeshika kiti kwa nyuma.

"Toa mkono."

"Nakusaidia tu, dada."

"Najua. Toa."

Akautoa. Mabega yaliwaka moto na jasho likaniingia machoni, lakini kiti hakikunyanyuka mbele. Nilifika mlangoni, nikagusa kizingiti changu kwa gurudumu. Wakapiga makofi. Mzee akasema karibu ndani.

Sikuingia. Niligeuza kiti, nikazunguka nguzo, nikashuka mpaka chini.

"Umesahau nini, dada?" wakauliza.

"Sijasahau kitu," nikasema, nikaenda zangu Mnazi Mmoja, na sikumwambia mtu narudi saa ngapi.